Chumvi ya Pembe

Jonna Sandelin alipovua viatu mlangoni kwa Gunnel, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikachungulia nje ya soksi. Alikuwa ameosha nywele, amepiga pasi blauzi, amefika mapema na kujificha kwenye kituo cha basi ili asionekane ana pupa. Yote hayo, halafu soksi ikamuumbua. Alijaribu kukikunja kidole, lakini Gunnel alikuwa ameshakiona.

"Sakafu ya jikoni ina baridi," alisema Gunnel, akamletea ndara za sufu. "Vaa hizi. Ni za wageni."

Alisema kwa wema, na kwa sababu ulikuwa wema Jonna hakuwa na la kujibu zaidi ya ahsante. Mtu akikutukana, angalau unajua pa kusimama. Gunnel Åström hajawahi kumtukana mtu. Ni mwanamke anayeoka aina saba za biskuti kila Krismasi kama mama yake na bibi yake walivyofanya, na akizipeleka kanisani hajisifu hata kidogo. Anaiweka trei mezani, anakaa, na kusubiri trei za wengine zionekane duni zenyewe.

Jikoni alikuwa ameshaketi Petra Wiklund, afisa wa ustawi wa jamii, na kikombe cha kahawa mbele yake. Petra si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa kuwa watu wa mji wetu huwachukia maafisa hawa mpaka siku wanapowahitaji. Alikuwa na kazi nyingi kuliko nguvu zake, na hii ilikuwa ziara yake ya mwisho kabla ya kikao cha Alhamisi. Siku hiyo kamati ingeamua kama Tuva, mtoto wa miaka minane, arudi kwa mama yake, Jonna, au abaki kwa walezi wake, Gunnel na mumewe Sixten, mpaka awe mtu mzima. Watu wazima wote mle ndani walilijua hilo. Tuva alilijua kuliko wote, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia.

Jonna alikuwa ameanguka kwenye pombe baada ya kufiwa na mama yake, na ndipo mtoto akachukuliwa. Sasa pombe ilikuwa imekwisha. Alipima kila alipoambiwa apime, alipata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee, akapanga nyumba ya vyumba viwili na kununua kitanda cha mtoto ambacho hakuna aliyekilalia. Pombe walikuwa tayari kuisamehe. Kilichobaki ni mkono. Tuva alimwambia mwalimu wake kwamba mama alimpiga mkono jikoni, na huku kwetu mtoto hapigwi, hata kwa unyoya. Ni sheria, na ni sheria nzuri. Lakini mlevi tunasema amepona. Mama aliyepiga hatuna neno la kumwambia kwamba yamekwisha.

Wazo la kuoka lilikuwa la Petra. Alitaka kuwaona wakifanya jambo la kawaida pamoja. Tuva alipoulizwa anataka kupika nini, alijibu kabla swali halijaisha: ndoto za bibi yake, Alfhild.

Hivyo ndivyo tunavyoziita, ndoto. Ni biskuti ndogo nyeupe zenye nyufa juu, ambazo huvunjika mdomoni kabla hujazitafuna. Gunnel alikuwa ameshamwokea Tuva zaidi ya mara moja, na kila mara mtoto alikula moja kwa adabu.

"Nzuri, Gunnel," alikuwa akisema. "Ila sizo."

Gunnel alijua kwa nini sizo. Ndoto za kweli huumuliwa kwa chumvi ya pembe, ile poda nyeupe inayouzwa kwenye kikopo kidogo. Ikipata joto hutoa harufu ya kukata pua mpaka macho yatoe machozi. Sixten ana kifua kibovu kutokana na vumbi la kiwanda cha mbao, kwa hiyo Gunnel alikuwa ameiacha chumvi hiyo miaka mingi na kutumia beking pauda. Leo Sixten alikuwa amepelekwa sebuleni na gazeti lake, mlango umefungwa, dirisha limefunguliwa.

"Mnaniokoa na harufu ili niuawe na baridi," alisema kutoka huko.

"Vaa koti," mkewe alimjibu.

&nbsp;

Tuva alishuka ngazi mbiombio, halafu akasimama mlangoni. Alimtazama mama yake, akamtazama Gunnel. Mtoto aliyelelewa na nyumba mbili hupima mambo ambayo sisi wengine hatuyafikirii, kama vile ni kwa nguvu kiasi gani umkumbatie mmoja mbele ya mwenzake. Alimkumbatia Jonna kiunoni, haraka, akamwachia, kisha akaenda kusimama katikati yao.

"Haya, mpishi," alisema Jonna. "Bakuli liko wapi?"

"Hapo chini. Si hilo mama, hilo la saladi. La kushoto." Tuva alifungua kabati mwenyewe. "Vijiko vya kupimia viko droo hii. Siagi ipo nje tangu asubuhi. Gunnel huitoa asubuhi ili ilainike."

"Umekuwa mwenyeji."

"Naishi hapa," alisema Tuva, kisha akajuta. Uso ulimwiva. "Kwa sasa."

Jonna alicheka kidogo ili mtoto asiumie, na kicheko hakikutoka vizuri. Alifungua mkoba na kutoa kikopo cha chumvi ya pembe. Kabla hajakiweka mezani, Gunnel alikuwa amenyoosha mkono.

"Samahani, naomba nikione. Ni cha lini?"

"Nimekinunua jana."

"Sina maana mbaya. Ikikaa sana huisha nguvu, basi."

"Jana, Gunnel."

Gunnel alikigeuza, akasoma tarehe chini yake huku miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akakirudisha. Petra aligeukia dirisha. Nje kulikuwa na giza tayari, ingawa ilikuwa alasiri tu, Novemba yetu ndivyo ilivyo, na kiooni alijiona mwenyewe amekaa akiwatazama watu wengine wakipika. Hakuifurahia sura hiyo.

Walianza. Siagi na sukari vilikorogwa mpaka vikawa vyeupe, wakatia mafuta kidogo na vanila. Jonna alimwacha Tuva akoroge, naye akafungua kikopo ili apime kijiko cha chumvi. Harufu ilimpanda kichwani mara moja. Macho yalimchoma, akayafumba, na akajikuta amesimama juu ya kiti jikoni kwa mama yake, ana miaka saba, redio inasoma hali ya hewa ya baharini kwa ajili ya watu wenye mashua, na wao hawakuwa na mashua.

Mama yake, Alfhild, aliviringisha madonge bila kuyatazama. Yalitoka viganjani mwake yote sawa, akayapanga kwenye trei huku akiwasengenya majirani. Hakuwa mwanamke wa kubembeleza. Ukipeleka kidole kwenye unga mbichi wenye chumvi ile, alikuchapa nyuma ya vidole hata kabla hujagusa, kwa sababu unga huo ukiwa mbichi ni mchungu mno na huchoma ulimi na tumbo. "Si wa kulamba huo," alikuwa akisema, bila hasira. Na kabla machozi hayajapata nafasi ya kutoka, biskuti ya kwanza iliyopoa ilikuwa mdomoni mwako. Jonna hakuwahi kulikumbuka kofi lile kama kofi. Kwake lilikuwa sehemu ya mapishi.

"Mama, unalia?"

"Ni chumvi. Nusa uone."

Tuva alinusa, akaruka nyuma, akacheka. "Ndiyo! Ndiyo hii! Gunnel, njoo unuse, hii ndiyo inachoma."

"Nainusa nikiwa hapa hapa," alisema Gunnel.

"Bibi yako alikuwa na masharti," Jonna aliendelea, akimimina unga. "Donge liwe dogo. Ukiviringisha kubwa, atakayelila ataota ndoto ndefu ya kuchosha. Anaota yuko kwenye foleni ya posta."

"Uongo."

"Muulize bibi."

"Bibi amekufa."

"Basi huna wa kumuuliza. Itabidi uniamini mimi."

Tuva alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, meno yote nje. Gunnel aliyekuwa akifuta meza ambayo haikuwa chafu alisimama na kitambaa mkononi. Kwa muda wote ambao mtoto huyu alikuwa amelala chini ya paa lake, akala chakula chake, akafundishwa kuteleza kwenye barafu na kusoma saa, hakuwa amewahi kumsikia akicheka vile. Aliona wivu. Hakuna jina jingine la kukipa kitu kile, na kwa kuwa Gunnel ni mwanamke mwenye heshima zake, alikikunja kile kitambaa mara nne na kukiweka mahali pake.

&nbsp;

Madonge yalijaa trei moja, mengine yakaanza kupangwa kwenye ya pili. Oveni ilikuwa imepashwa. Petra aliuliza maswali yake kwa sauti ya kirafiki. Jonna anatoka kazini saa ngapi? Nani atamchukua Tuva shuleni siku ya zamu ya jioni? Jonna alijibu huku akiviringisha, na kila alipojibu aliinua macho kuona kama jibu limepokewa. Alikuwa anaonekana kama mtu anayefanya mtihani na kupika kwa wakati mmoja, na ndicho alichokuwa akifanya.

Ndipo Tuva akaminya.

Alikuwa ameegemea meza, kidevu karibu na trei, akiyatazama madonge meupe. Akapeleka kidole kwenye lililo karibu, akalibonyeza, akamega kipande. Jonna alikiona kidole kikielekea mdomoni. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe. Kisha akakumbuka aliko na nani aliyeketi mezani, na mkono ukasimama hewani kwenye urefu wa bega, vidole vimeachana, ukarudi chini.

"Tuva," alisema. "Tuva, usi..." Mwanamke aliyeambiwa kwa miaka miwili kwamba mkono wake ni hatari alikuwa anaogopa hata kuutumia kumshika mtoto.

Kidole kilikuwa kimefika kwenye midomo.

Paa!

Kipande cha unga kilianguka sakafuni. Tuva alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na mbele yake alisimama Gunnel, ambaye alikuwa amevuka jikoni nzima kwa hatua ambazo hakuna aliyeziona.

"Si wa kulamba huo," alisema Gunnel, akihema.

Oveni ilikuwa ikinguruma. Gunnel aliutazama mkono wake kana kwamba mtu mwingine ameusahau pale.

Tuva hakulia. Alificha mikono yote miwili mgongoni, akamgeukia Petra. Hakumgeukia mama yake wala Gunnel. Alimgeukia Petra, kwa sababu alikuwa ameshajifunza ni nani husikiliza mambo ya namna hii na nini hufuata.

"Haikuuma," alisema. "Simwambii mwalimu."

"Tuva, mpenzi..."

"Simwambii mtu. Sitaki kuhama tena. Sitaki kubadilisha shule kabla ya sikukuu ya Lucia, nimeshapewa mshumaa wangu wa maandamano." Alikuwa anaongea haraka, pumzi zikimpungukia. "Mara ile nilisema tu. Nilikuwa nasimulia tu. Sikujua kama ukisema unaondolewa."

Jonna alikaa kwenye kiti cha karibu. Miaka miwili alikuwa amejiuliza kama mwanawe alimwogopa. Sasa alijua kwamba mtoto alikuwa akijilaumu mwenyewe muda wote huo, kila usiku, kwenye kitanda kizuri cha nyumba hii, na hakuna hata mmoja wao aliyegundua. Ilimuuma kuliko kuondolewa kwa mtoto kwenyewe.

"Hukukosea kusema," Petra alimwambia Tuva. Alikuwa amepiga magoti mbele yake. "Hata siku moja. Umenisikia?"

"Ndiyo," alisema Tuva, kwa adabu ileile aliyokula nayo biskuti za Gunnel zisizo zenyewe.

&nbsp;

Mtu lazima afanye kitu kwa mikono yake nyakati kama hizo. Gunnel aliziingiza trei zote mbili kwenye oveni kwa pamoja, kosa ambalo asingelifanya siku nyingine. Lile donge lililomegwa lilikuwa pembeni, na shimo la kidole bado lilikuwemo. Hakuna aliyethubutu kuliviringisha upya.

"Nilimzuia tu," alisema, akiwapa mgongo. "Unga ule unadhuru. Mnajua kwamba unadhuru."

"Nimeona," alisema Petra, na akapumua. Alikuwa amechoka, alikuwa anaipenda nyumba hii, na alikuwa na watoto wengine ambao angetaka kuwaleta hapa. "Nimeona vizuri. Ulimzuia."

Jonna alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi sana.

"Samahani," alisema. "Sikukusudia."

"Sema, Jonna."

"Hapana. Nikisema mtasema nina hasira."

"Sema tu."

Jonna alifuta unga kwenye vidole vyake kimoja kimoja kabla ya kujibu. Hakupandisha sauti. "Mimi pia nilisema nilimzuia. Ulikuwa umekaa mbele yangu ofisini kwako, umeshika kikombe hivyo hivyo. Ilikuwa unga huohuo, Jumapili, kabla sijaanza kunywa. Ukaniambia wazazi wanaopiga huwa wanasema walizuia."

Haya ilimpanda Petra kutoka shingoni. Hakumbishia, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Sasa chumvi ilianza kazi yake. Harufu ilivuja pembeni mwa mlango wa oveni, ikajaza jikoni, kali, ya kupasua pua, na kwa muda ilikuwa heri, maana kila mtu alipata sababu ya kutoa machozi. Petra alitoa kitambaa. Sebuleni kikohozi kilianza, kisha mlango ukafunguliwa, na Sixten akatokeza kichwa, amevaa koti na kofia.

"Nani amekojoa kwenye oveni?"

Tuva aliangua kicheko, na kilikuwa kimechanganyika na kilio mpaka hakuna aliyeweza kuvitenganisha. Alimkimbilia mama yake, akajitupa mapajani kwake, na safari hii hakupima nguvu. Jonna alimshika kwa mikono yote miwili. Sixten aliwatazama, akamtazama mkewe, akaona kwamba kuna jambo. Alifunga mlango taratibu.

Gunnel alisimama mbele ya oveni akiangalia biskuti zikipasuka juu. Alikuwa na la kufikiri. Majira ya joto alikuwa amebandika karatasi mpya ukutani kwenye chumba cha Tuva, yenye ndege, na alinunua roli za ziada iwapo itachakaa, kana kwamba mtoto angekaa mpaka ichakae. Alimtaka Tuva. Alimtaka kwa uchoyo kabisa, na jioni ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukiri hilo moyoni. Alichotakiwa kufanya kilikuwa rahisi: anyamaze. Petra alikuwa ameshampa neno: kuzuia. Nyumba yake ilikuwa na makabati yaliyopangwa na mabakuli ya saladi, na ndani ya nyumba ya namna hiyo mkono wa mwanamke unazuia. Kule kwa Jonna, kwenye nyumba za kupanga nyuma ya stesheni, unapiga.

Alizitoa trei. Ya chini ilikuwa imepauka, ya juu imeungua kidogo kingo.

&nbsp;

Walikula sebuleni, kwa kuwa jikoni hapakukalika. Sixten aliruhusiwa kufunga dirisha. Tuva aliuma ya kwanza, akafumba macho.

"Ndizo," alisema. "Ndizo kabisa. Sikia zinavyolia."

Harufu yote ilikuwa imeondoka na moto, kama inavyotakiwa, na kilichobaki kilikuwa siagi na vanila. Sixten alikula nyingi na kusema tangu leo yuko tayari kufa kwa kifua. Petra alikula mbili. Jonna alikula moja polepole, akisikiliza, na alikuwa akimwona mama yake Alfhild akimwambia kwamba amezichoma.

Mwisho sahani ilibaki na moja, ile yenye shimo la kidole. Na huku kwetu, biskuti ya mwisho hailiwi. Tunaweza kukaa saa nzima tukiitazama, kila mtu anaitaka, kila mtu anamwambia mwenzake achukue. Tunaona haya. Sijui tulimuiga nani, lakini hata mtoto mdogo analijua hilo.

"Chukua, Petra," alisema Gunnel.

"Hapana, ahsante, nimeshiba."

"Jonna."

"Ahsante, hapana. Mpe Tuva."

"Mimi pia nimeshiba," alisema Tuva, akiitazama.

Petra alianza kukusanya vitu vyake. Alisema imekuwa alasiri nzuri, licha ya yote. Alisema ataandika kwamba mama na mtoto wana ukaribu. Gunnel alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine.

"Na mengine?" aliuliza.

"Mengine yapi?"

"Utaandika kwamba nilimpiga?"

Sixten aliweka kikombe chini. "Gunnel," alisema, kwa upole.

"Nilimpiga. Sikumzuia, nilimpiga, sauti imesikika mpaka huku sebuleni. Ningeweza kumshika mkono. Nilikuwa nimekasirika." "Nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa anacheka na mama yake. Hilo nalo liandike, ukitaka."

"Gunnel, unajua nikiliandika..."

"Najua. Nimelea watoto wenu miaka yote hii, najua kinachofuata." Alimgeukia Jonna. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni bila kutafuta kasoro. "Wewe mkono wako ulirudi. Niliuona. Uliinuka na ukarudi. Wangu haukurudi. Sasa, Petra, kama mimi nilikuwa namzuia, na yeye alikuwa anamzuia. Na kama yeye alipiga, basi nami nimepiga. Lakini huwezi kwenda Alhamisi na maneno mawili tofauti mfukoni kwa unga uleule."

Tuva alikuwa anamtazama mmoja baada ya mwingine. "Je, nitahama?" aliuliza.

Jonna ndiye aliyemvuta karibu, na kumwambia ukweli, kwamba hajui.

"Samahani, Tuva," alisema Gunnel. "Kwa mkono wako. Na ukimwambia mwalimu, utakuwa umefanya vizuri."

&nbsp;

Petra alipiga simu Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Gunnel alisikiliza akiwa amesimama. Alisema ndiyo, alisema naelewa, akauliza kama mtoto ataachwa mpaka baada ya Lucia ili aandamane na darasa lake. Akajibiwa kwamba ndiyo. Kisha alisikiliza kwa muda mrefu zaidi, akakata simu.

"Anarudi kwao," alimwambia Sixten. "Baada ya Lucia."

"Na sisi?"

"Watatuchunguza. Mpaka wamalize, hawataleta mtoto mwingine hapa." Alinyoosha kitambaa cha meza. "Na kanisani watajua, maana dada yake katibu wa kamati ndiye anayepiga kinanda."

Sixten alimwekea mkono begani, akaenda kuleta kuni ambazo hazikuhitajika.

Tuva alikuwa bado shuleni. Gunnel alifungua kabati na kutoa ile sahani yenye kifuniko cha kioo. Biskuti ya mwisho ilikuwa bado pale tangu Ijumaa ile ya kuoka. Kila mmoja nyumbani mle alikuwa ameiona, na kila mmoja alikuwa ameifunika tena. Shimo lilikuwa dogo, la kidole cha mtoto wa miaka minane. Alikaa mezani peke yake, mchana kweupe, bila kahawa, akaitia mdomoni nzima.

Ilikuwa tamu kuliko zake. Aliitafuna mpaka ikaisha, huku analia.